Kabla hujaniambia "dokta nipe dawa ya ganzi"

Mi nauza dawa. Sio daktari, japo kila anayefika dirishani ananiita dokta, nina cheti cha kutoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Tanga, na ukikaa pale dirishani kuanzia asubuhi mpaka magharibi utagundua kwamba ukiacha homa na kikohozi, kinachowaleta watu ni miguu. Watu wazima ndo wengi lakini siku hizi hata vijana wanakuja. Mmoja atakwambia inamwaka moto, mwingine inamchoma choma kama sindano, mwingine anasikia sisimizi wanatembea ndani ya nyayo, mwingine mizito hainyanyuki, mwingine inavuta nyuma kwenye kigimbi, mwingine imekufa ganzi hata hajui kandambili imechomoka saa ngapi. Na wote hao, kila mtu na habari yake, wanamalizia na ombi lile lile: nipe vile vidonge vyekundu vya ganzi.

Sasa hapo ndo nataka tuongee, maana hilo swala linaniuma kweli. Mguu mzito na mguu unaowaka na mguu wenye ganzi sio ugonjwa mmoja, wala haitibiwi na kidonge kimoja, na mtu anaweza kumeza hivyo vidonge mwaka mzima huku kitu chenyewe kinaendelea kumla taratibu.

Vile vidonge ni vitamini tatu zimechanganywa, B1, B6 na B12. Kwa mtu aliyepungukiwa kweli ni dawa nzuri sana na nimeona wakipona. Lakini watu wameshaviweka kwenye kundi la "havina madhara, ni vitamini tu" na mtu ananunua karatasi mbili tatu kwa mwezi bila kumuuliza mtu yeyote. Mtu mzima anahitaji B6 kama miligramu 1.3 mpaka 1.7 kwa siku, na hiyo unaipata kwenye ndizi, viazi, samaki, kuku, chakula chetu cha kawaida tu. Kidonge kimoja cha neva kinaweza kuwa na miligramu 100 au 200, afu mtu anameza viwili vitatu kwa siku. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu zile zile neva za hisia, na dalili zake ni ganzi na kuchoma choma miguuni, yani mtu anazidi kumeza kwa sababu ya dalili ambayo dawa yenyewe ndo inaileta. Hii imejulikana zamani, mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa 7 waliokuwa wanameza gramu 2 mpaka 6 kwa siku wakaishia kuwa na ganzi na kutembea wanayumba. Hizo ni dozi kubwa mno, lakini baadae ikaonekana hata dozi ndogo zaidi ya hapo zinaleta shida zikimezwa muda mrefu, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikashusha kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima mpaka miligramu 12 tu kwa siku. Kumi na mbili! Kwahiyo mtu akiniambia amemeza tangu mwaka jana na ganzi inapanda, kitu cha kwanza namwambia asimamishe aende akapimwe, simuuzii.

Kwahiyo mi nauliza kwanza. Wengine wanakasirika, wanaona nawachelewesha, foleni iko nyuma. Lakini maswali yenyewe ni machache na majibu yake yanaonyesha njia vizuri sana. Ni mguu mmoja au yote miwili? Ilianzia vidoleni ikapanda juu, au ilianzia kiunoni ikashuka? Inakusumbua zaidi asubuhi, jioni au usiku ukishalala? Ukitembea inazidi au inapungua? Ukikaa je? Ukinyanyua miguu juu ya mto unapata nafuu? Una sukari, una presha, unameza dawa gani, ulishawahi kuwa kwenye dozi ya TB? Mtu akishajibu hayo hata mwenyewe anaanza kuona kwamba miguu yake na ya jirani yake haifanani.

Nianze na sukari kwa sababu ndo kubwa, na ndo inayokata watu miguu.

Neva zinazofika vidole vya miguu ndo ndefu kuliko zote mwilini, zinatoka mgongoni chini mpaka kwenye ncha ya kidole gumba, na sukari ikikaa juu miaka inaziharibu zile ndefu kwanza pamoja na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Ndo maana ganzi ya sukari karibu mara zote inaanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, inapanda nyayo, kifundo, mpaka inakaa pale soksi ndefu inapoishia, na ikikaribia magoti ndo unasikia ncha za vidole vya mikono nazo zinaanza. Usiku inazidi. Mtu anakwambia shuka tu likimgusa anaumia, analala miguu nje ya neti. Karibu nusu ya watu wenye sukari wanafika huku mapema au baadae, na kuna wanaofika hata kabla hawajajua kama wana sukari, yani miguu ndo inawaambia. Kwahiyo mtu mwenye ganzi ya vidoleni ambaye hajawahi kupima, mi simpi kitu mpaka nimwambie kapime kwanza. Asubuhi hujala chochote, mashine ikisoma 7.0 mmol/L na kuendelea na ukirudia siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hiyo ni sukari tayari.

Na hapa watu wanachanganya kitu kimoja kizito. Wanaogopa maumivu, wakati ganzi isiyouma ndo ya kuogopwa zaidi. Mguu unaouma bado unakulinda. Mguu uliokufa ganzi unakanyaga msumari na kuondoka nao. Kwetu huku mtu akisikia miguu mizito anachemshiwa maji na chumvi akandwe, na mgonjwa wa sukari anaweza kuweka mguu kwenye maji ambayo wewe huwezi kutia kidole, akatulia kabisa, akaja kuona malengelenge kesho yake. Maji yapimwe na kiwiko, au ayapime mtu mwingine. Hivyo hivyo kuota jiko la mkaa, kutembea peku barazani mchana jua kali, kukata sugu na wembe. Na kuna hili ambalo wengine hawaliamini nikiwaambia: Dar es Salaam Dk. Zulfiqarali Abbas, ambaye ni bingwa wa miguu ya wagonjwa wa sukari anayejulikana hata nje ya nchi, yeye na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa walioliwa vidole na panya usiku wakiwa wamelala bila kusikia chochote. Mtu anaamka asubuhi anaona damu kwenye shuka. Sasa familia ikiona hivyo inasema katumiwa kitu, inaanza safari ya kwa mganga, na kidonda kinaoza wakati huo. Simdharau mtu na imani yake, wazee wangu mwenyewe wanaamini mtu anaweza kukanyaga tego, lakini naomba, sukari ipimwe kwanza siku hiyo hiyo, hayo mengine yatafuata.

Kliniki nzuri ya sukari wanaangalia miguu, wakuvue viatu. Kuna kiuzi cha plastiki kigumu wanakigusisha kwenye nyayo mpaka kinapinda, kimetengenezwa kupinda kwa uzito wa gramu 10, ukifumba macho ukashindwa kusema kimegusa wapi, ujue ulinzi umeshapotea hapo. Kama unahudhuria kliniki na hakuna aliyewahi kukuvua viatu, vua mwenyewe uwaonyeshe.

Mama yangu mdogo ana sukari miaka mingi, na habari yake naisema kwa ruhusa yake maana anataka wenzake waisikie. Alikuwa anameza metformin, dawa ya kushusha sukari, vizuri kabisa, vipimo vyake kliniki vilikuwa vya kuridhisha, lakini miguu ikawa inazidi. Kuchoma choma, afu akaanza kuyumba akiamka usiku kwenda chooni, gizani anashika ukuta, na ulimi ukawa unamuuma umekuwa mwekundu mlaini. Watu nyumbani wakasema si sukari hiyo, na umri nao. Na ni rahisi kusema hivyo kwa sababu sukari kweli inafanya ganzi. Lakini ganzi ya sukari kuzidi wakati sukari imetulia inatakiwa ikustue. Daktari aliyemuona aliuliza swali moja tu la maana, unameza metformin tangu lini, akaagiza wapime B12, ikaja chini sana.

Metformin ikimezwa kwa miaka, hasa dozi kubwa, inapunguza utumbo kunyonya vitamini B12. Ini linahifadhi akiba ya miaka kadhaa kwahiyo mtu haoni kitu mwanzoni, akiba ikiisha ndo neva zinaanza kulia. Halafu B12 inatoka kwenye vyakula vya wanyama tu, nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa, hakuna kwenye mchicha wala kisamvu, na mama mdogo alipoambiwa apunguze mafuta yeye akaacha vyote, nyama, mayai, maziwa, akabaki na dona na majani. Ukiongeza na vidonge vya vidonda vya tumbo kama omeprazole ambavyo watu wanameza miaka bila kuandikiwa, navyo vinapunguza unyonyaji huo huo, na wazee hata bila dawa yoyote tumbo lao linanyonya kidogo, basi unaona jinsi mtu anavyozungukwa pande zote. Alichomwa sindano za B12 kwa ratiba, akarudishiwa samaki na mayai. Ulimi ulipona haraka, kuyumba kukapungua, vidole bado vina ganzi mpaka leo kwa sababu neva ikishakaa imeharibika muda mrefu hairudi yote. Angepimwa mapema zaidi angebaki na neva nyingi nzima.

Utaniuliza sasa si ndo vile vidonge vyekundu? Vina B12 ndani ndio, lakini yeye hakujua kama tatizo ni B12 au sukari au figo au kitu kingine, na kuna mtu mwenye dalili kama zake utumbo wake haunyonyi kabisa anahitaji sindano. Na ubaya mwingine, folic acid, ile vitamini ya kuongeza damu, ikimezwa peke yake inaweza kurekebisha damu ikaonekana imepanda vizuri huku neva zinaendelea kuharibika kwa kukosa B12. Kupima kwanza. Kipimo hiki hakipo kila mahali, mara nyingi ni hospitali kubwa au maabara za mjini na kina gharama, lakini mtu wa metformin miaka minne mitano mwenye ganzi, hela hiyo ikipatikana iende huko kabla ya kwenye vidonge.

Haya, tutoke kwenye sukari.

Kuna kundi lingine kubwa ambalo halina ganzi kabisa, lina uzito. Hawa nawajua kwa muda wanaokuja, jioni. Wasusi wa saluni, walimu, walinzi, mama ntilie, wauza duka, mafundi cherehani wanaokaa miguu inaning'inia siku nzima. Asubuhi wazima kabisa, ikifika saa kumi miguu imejaa, alama ya soksi imezama kwenye ngozi, vigimbi vinauma uzito fulani hivi wa kuchosha, usiku misuli inakaza. Hapa shida mara nyingi ni mishipa inayorudisha damu juu. Damu kushuka miguuni ni kazi ndogo, kupanda ndo kazi, na kinachoipandisha ni misuli ya kigimbi inayofanya kazi kama pampu ya kisima kila unapopiga hatua, na ndani ya mishipa kuna vali ndogo zinazuia damu isirudi chini. Ukisimama bila kutembea pampu haipigi. Vali zikilegea, kwa kurithi, kwa mimba nyingi, kwa uzito, kwa miaka ya kusimama, damu inatuama, mishipa inajitokeza imejikunja kunja, ngozi juu ya kifundo inaanza kuwasha na kuwa nyeusi, na ukiiacha huko mbele kinatoka kidonda upande wa ndani wa kifundo ambacho kinafunga na kufunguka miaka.

Hawa wanapata nafuu kwa vitu visivyo dawa, na inanifurahisha kusema hivyo kwa sababu ni bure. Nyanyua visigino ushushe, ukiwa umesimama pale pale unasuka, mara nyingi kwa siku. Tembea kidogo kila baada ya muda. Ukifika nyumbani lala miguu iwe juu kuliko moyo, sio kwenye kistuli tu, juu kabisa kwenye mito, nusu saa. Soksi za kubana zinasaidia sana lakini zivaliwe asubuhi kabla miguu haijajaa, na mwenye sukari au mvuta sigara aangaliwe kwanza kama damu inashuka vizuri miguuni maana kama mishipa ya kushusha damu imeziba zile soksi zinaweza kumuumiza.

Na huyo wa mishipa ya kushusha damu iliyoziba unamjua kwa kutembea. Anakwambia nikitoka hapa mpaka kwenye ule mwembe kigimbi kinabana, nikisimama dakika chache kinaachia, nikitembea tena umbali ule ule kinabana tena. Mvuta sigara, mtu wa sukari, mtu wa presha. Huyo asikandwe asipewe vitamini, huyo ni wa hospitali, kwa sababu mishipa iliyoziba mguuni mara nyingi na ya moyo nayo haiko sawa.

Kuna mzee mwingine anafanana nae, naye anabanwa akitembea, lakini yeye kusimama hakumsaidii mpaka akae au ainame, na cha ajabu akipanda baiskeli anaenda mbali bila shida. Huyo shida iko mgongoni, njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba kwa uzee wa pingili, na akiinama inafunguka kidogo.

Dawa za presha nazo. Mtu anakuja amejaa vifundo vyote viwili, amepanik anadhani figo zimekufa, ukimuuliza ameanzishiwa amlodipine hivi karibuni au ameongezewa dozi kwenda miligramu 10. Ile dawa inajaza vifundo kwa watu wengi, inajulikana, na dawa ya kutoa maji haisaidii sana kwenye huo uvimbe. Usiiache mwenyewe! Nimeona watu wakiacha presha ikapanda ikaleta kiharusi. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie, atakupunguzia au atakubadilishia. Lakini ukijaa miguu pamoja na kukosa pumzi ukilala chali, au uso umevimba asubuhi na mkojo una povu, hiyo ni habari nyingine ya moyo au figo, nenda.

Kwetu pwani miguu ikijaa watu wanawaza matende, na sio ajabu, Tanga na Pwani na Lindi na Mtwara na visiwani tumeishi nayo vizazi. Tangu mwaka 2000 nchi imekuwa ikigawa dawa za kumeza za kuzuia, ivermectin na albendazole, na imesaidia sana, zikipita mtaani kwenu meza. Mwenye mguu wa matende tayari, kuosha kila siku kwa sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole na kutibu fangasi kunapunguza yale mashambulizi ya homa na uvimbe. Tofauti na uvimbe wa mishipa ya kawaida ni kwamba ukubwa wa matende yaliyokomaa haupungui asubuhi, na ngozi inakuwa ngumu.

Mguu mmoja tu kuchoma, kutoka kwenye kalio kushuka nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo, huyo ni mtu wa mgongo. Bodaboda, madereva wa malori ya njia ya Horohoro, wabeba mizigo bandarini, na hata wanaokaa ofisini. Diski imebonyea ikagusa neva. Akikohoa au akipiga chafya inampiga kama shoti. Na ukimuuliza ganzi iko wapi unaweza kujua ni neva ipi, juu ya unyayo na kidole gumba ni moja, pembeni na kidole kidogo ni nyingine. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila upasuaji, na kulala kitandani wiki nzima kunachelewesha kupona, kutembea kidogo kidogo kunasaidia. Ila kuna dalili moja naisema kwa kila mtu wa mgongo hata kama hajaniuliza, naona aibu lakini nasema: ukisikia ganzi sehemu za siri na kwenye makalio pale unapokalia, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, au miguu yote inalegea, ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Neva zinazobanwa hapo zikikaa muda hazirudi na mtu anabaki hivyo maisha. Na kikohozi cha muda mrefu, kupungua mwili, jasho la usiku pamoja na mgongo unaouma na miguu inayolegea, hapo tunawaza TB ya mgongo, ipo na inatibika.

Nikishataja TB niseme na hili. Dawa ya isoniazid, iwe kwenye dozi ya kutibu au ile ya kukinga, inamaliza B6 mwilini, na ndo maana mnapewa kale kadonge kadogo ka pyridoxine, ambayo ndo B6 yenyewe, pamoja nazo. Watu wanakaacha kwa kuona ni vitamini tu. Kameze. Hapo B6 inatakiwa, kwa dozi ndogo aliyopanga daktari. Na wale wenzetu walioanza ARV zamani wanakumbuka stavudine, ile d4T, iliyochoma watu nyayo mpaka wakashindwa kuvaa viatu, Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009 na sasa haitumiki, lakini kuna waliobaki na ganzi ile mpaka leo, na ni neva zao kweli zimeumia, wasiambiwe wanajisikia tu. Pombe nayo ikinywewa kila siku kwa miaka inafanya kitu hicho hicho, na ukoma bado upo, baka lisilosikia mguso kwenye ngozi halifai kupakwa krimu ya fangasi miezi na miezi, dawa zake ni bure kabisa.

Ya usiku ni tofauti. Kuna mtu, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mjamzito, anakwambia nikilala tu miguu inataka kutembea. Haiumi kama kuuma, ni kero ndani ndani huko, lazima aitikise, lazima ainuke azunguke chumba, akizunguka inatulia, akirudi kulala inaanza upya. Mume anadhani anamkimbia. Huu ugonjwa una jina, kwa Kiingereza restless legs, yani miguu isiyotulia, na umeandikwa vizuri na daktari mmoja wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, tangu 1945, na moja ya sababu zake kubwa ni upungufu wa madini ya chuma, hata kabla damu yenyewe haijashuka. Sasa tuangalie tunavyokula: mlo mkuu, mboga za majani, afu chai ya rangi hapo hapo na chakula. Chai inazuia chuma kunyonywa. Ihamishe, inywe saa moja au mawili baada ya kula, na kwenye chakula weka limao, embe, chungwa, vinasaidia chuma kupita. Hedhi nzito, mimba za karibu karibu, safura (ile ya minyoo) kwa wanaolima peku, vyote vinamaliza chuma. Wenye figo zilizochoka nao wanapata. Na mtu mwenye damu kidogo hata bila hiyo kero ya usiku ataona miguu mizito kupanda ngazi, moyo unadunda, wakati miguu yenyewe haina kosa.

Nataka pia nitaje muhogo, maana huku kwetu na kusini na kanda ya ziwa tunaula sana na sitaki mtu aogope muhogo, nataka aujue. Mwaka 1985 kule Tarime, kipindi cha ukame, watu hawakuwa na kingine zaidi ya muhogo mchungu, na njaa haisubiri, wakawa hawauvundiki siku za kutosha. Wanawake na watoto wengi wakaamka miguu imekakamaa, ghafla, yote miwili, na haikurudi. Ugonjwa unaitwa konzo, Msumbiji uliwapiga zaidi ya watu 1,000 mwaka 1981 kule Nampula, Kongo upo mpaka leo, na Mtwara umewahi kutokea. Ni sumu ya sianidi ikikutana na mwili usio na protini ya kutosha kuiondoa. Kuvundika na kukausha vizuri ndo kinga, na kuna njia rahisi ya kuongezea ambayo kila mwenye unga wa muhogo mchungu anaweza kuifanya: loanisha unga kwa maji, utandaze mwembamba kwenye sinia au mkeka, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu inapotelea hewani, ndo usonge siku hiyo hiyo. Na uule na dagaa au maharage.

Mengine napita haraka. Ganzi ya pembeni ya paja tu, sehemu moja kama kiganja, hasa kwa mnene au mjamzito au anayevaa suruali au mkanda wa kubana, ni neva imebanwa pale kwenye nyonga, legeza. Kuchuchumaa muda mrefu kwenye palizi kunaweza kulegeza unyayo usinyanyuke, na kupona kunaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango inaleta uzito wa mwili mzima.

Na yasiyosubiri. Mguu mmoja, mmoja tu, umevimba ghafla, unauma kwenye kigimbi, una joto, na mtu alikuwa amelala hospitali, au amejifungua juzi juzi, au ametoka safari ndefu ya basi, hilo linaweza kuwa damu imeganda, likipanda kwenye mapafu linaua, usikande wala kuchua! Nenda. Ulegevu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, leo vifundo kesho magoti, baada ya kuhara au mafua, nenda, usisubiri ufike kifuani. Mguu uliopoa, umebadilika rangi na unauma sana kwa ghafla, nenda. Mguu na mkono wa upande mmoja pamoja na mdomo kupinda, hicho ni kiharusi, kila dakika ina maana.

Kwahiyo ukija dirishani kwangu, au ukienda kwa mwenzangu yeyote, au kituo cha afya, njoo na majibu ya yale maswali, mguu upi, tangu lini, inaanzia wapi, saa ngapi, nini kinapunguza. Omba sukari na wingi wa damu na figo vipimwe, na kama unameza metformin sema umeanza mwaka gani. Na beba dawa zote unazomeza kwenye mfuko mmoja, na maboksi yake kama yapo, ya presha, ya tumbo, ya uzazi wa mpango, vile vyekundu vya ganzi, ile chupa uliyouziwa kwenye basi, ya mitishamba nayo, zote, tuzimwage mezani tuziangalie.